Siti wa Kwanza, Siti wa Pili

Kila kanda mpya ilipowasili Ibra kutoka Unguja, bibi zetu walikuwa na swali lao moja: "Na huyu naye nani?" Kanda yenyewe ilikuja ndani ya sanduku la mtu aliyerudi likizo, imefungwa kwenye kanga pamoja na achari ya embe na chupa ya mafuta ya karafuu. Mwenye redio ya kaseti mbili aliombwa atoe nakala, nakala nayo ikazaa nakala, mpaka sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka ndani ya kisima. Ilipofika nyumba ya mwisho, mji ulikuwa umeshatoa hukumu. Nusu wameipenda. Nusu wanasema Unguja basi tena, imekwisha.

Tunayakumbuka hayo, ndugu wasomaji, kwa sababu ya sahani moja iliyotoka mwaka 2020. Inaitwa Siti of Unguja, imetolewa na kampuni ya London iitwayo On the Corner, na mwimbaji wake ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Kwa kawaida sahani ya pili hufuata ya kwanza baada ya mwaka mmoja au miwili. Hii tunaweza kusema ilichukua miaka 92, maana ya kwanza ni zile za Bombay za mwaka 1928. Nyimbo ni za enzi za bibi. Besi na mapambo ya studio ni ya leo. Na katika baraza zetu za Ibra, Sur na Nizwa, na kwa jamaa zetu walioko Dubai na Uingereza, maoni yaligawanyika vilevile kama wakati wa kanda. Wengine walisema bibi amerudishiwa uhai. Wengine wakasema kaburi limefukuliwa bila hodi.

Ugomvi huu tumeusikiliza tangu utotoni, na tumefika mahali pa kuamini kwamba mtu wa kwetu haihukumu kanda kwa masikio peke yake. Huihukumu kwa mwaka aliotoka. Akikutajia mwaka alioiacha pwani, unaweza kumtajia wimbo anaoupenda na ule anaouita kelele, na mara nyingi hutakosea.

Lakini tuanze na Siti mwenyewe, maana wanaomshika kama kipimo cha taarabu safi wamesahau alivyopokewa. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliopitia utumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, yeye akavitembeza mjini. Taarabu wakati huo ilikuwa kitu cha kasri na cha waungwana. Sayyid Barghash aliileta kutoka Misri na akampeleka Mohamed bin Ibrahim huko Cairo akajifunze ganuni. Na Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza kwa kuimba Kiarabu. Siti akaja akaimba Kiswahili, na akaimba mambo ya mtaani: kesi za mahakamani, wanawake waliodhulumiwa, wakubwa walioiba. Wimbo wake wa "Kijiti" unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa na mtu akatoroka. Zikatungwa beti za kumkejeli sura yake, vyungu vyake na huko kwao shamba. Naye hakunyamaza, alizijibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice. Sahani zile ziliuzwa kwa maelfu pwani nzima, zikafuatwa na nyingine katika miaka iliyofuata, na kampuni shindani zikaja mbio kutafuta waimbaji wao. Watu ambao hawakuwahi kumwona Siti kwa macho walimjua kwa gramafoni.

Sasa tujiulize wenyewe, sisi wa Sharqiyah. Babu zetu waliokuwa na mashamba ya karafuu na maduka, wangapi wangemkalisha Siti juu ya zulia barazani kwao? Walimsikiliza, hilo halina shaka. Hata kasri ilimwita. Ila kumsikiliza mtu ni jambo moja na kumpa mahali pa kukaa ni jingine. Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaomlinda Siti dhidi ya kitukuu chake mwenyewe. Tukilisema hili barazani, kahawa hupoa ghafla.

Sur ina masikio mengine kabisa. (Kwa wasiojua: tangu mwaka 2011 Sharqiyah imegawanywa mbili, Ibra upande wa kaskazini na Sur upande wa kusini, lakini wazee bado wanaitaja kama moja.) Mtu wa Ibra alihamia Afrika, akaoa, akazaa, kisha ikabidi aondoke. Mtu wa Sur alikuwa akienda na kurudi. Kaskazi ilimpeleka Lamu, Mombasa na Unguja, kusi ikamrudisha nyumbani na boriti za mikoko. Kila msimu alikuta wimbo mpya bandarini, na kila msimu aliondoka nao. Kwa hiyo hana mwaka mmoja alioiacha pwani ukamsimamia kooni.

Sur ndiko alikozaliwa Salim Rashid Suri, yule waliyemwita mwimbaji baharia. Alifariki mwaka 1979. Alifanya kazi majahazini, akajifunza udi, na katika miaka ya 1930 naye akarekodi Bombay, mji uleule wa sahani za Siti. Baadaye alifungua kampuni yake ya santuri huko Bahrain, akarudi Oman mwaka 1971. Alichanganya mahadhi ya Ghuba, Yemen na Bara Hindi mpaka wenye kupenda mipaka wakachoka. Inasimuliwa kwamba ndugu yake alitishia kumpiga risasi kwa ajili ya kuimba. Hayo ndiyo maoni makali kuliko yote tuliyoyasikia juu ya muziki wa mtu yeyote, na yalitoka ndani ya nyumba yake.

Hukohuko Sur kuna lewa, ngoma ya zumari inayochezwa kwa duara, yenye maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya waimbaji wenyewe hawayaelewi tena. Jamaa yetu mmoja wa huko, mtoto wa nahodha, alipoisikia sahani ya Siti Muharam hakusema nzuri wala mbaya. Alipiga meza kwa vidole kufuata ngoma, kisha akauliza imerekodiwa msimu gani.

Nizwa tutaipita kwa haraka, na wenyewe watusamehe. Ule ulikuwa mji wa Maimamu. Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili alikuwa huko kuanzia 1920 mpaka alipofariki 1954, na wanavyuoni wa Kiibadhi hawakuwa na subira na ala za nyuzi. Waliorudi Dakhiliyah kutoka Unguja na Pemba walisikiliza kanda zao chini chini, madirisha yamefungwa. Ugomvi wa taarabu ya zamani na ya sasa haukuwa mkubwa huko, kwa sababu mbele ya ami zetu wakali zote zilikuwa na daraja moja. Ila tulikuwa na ami mmoja ambaye hakuruhusu kaseti nyumbani kwake, lakini akituomba tumwandikie maneno ya nyimbo kwenye daftari. Aliyasoma kama mashairi, akahesabu mizani, akatia alama ya kalamu nyekundu pale mtunzi alipoteleza. Kanda za miaka ya 1990 zilirudi kwake zikiwa zimejaa nyekundu.

Turudi Ibra, maana ndiko ugomvi ulikokuwa moto.

Sultani Qaboos alishika utawala tarehe 23 Julai 1970, na baadaye akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Walirudi kwa maelfu. Wapo waliotoka Unguja mara baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wakiwa na nguo walizovaa tu, wakapitia Dubai, Kuwait au Cairo kabla ya kufika. Wapo waliobaki Unguja na Pemba mpaka miaka ya 1970 na hata ya 1980. Na wapo wale ambao Wazanzibari waliwaita watu wa bara: Waarabu wa Tabora, Ujiji, Burundi na Kongo, ambao wengi asili yao ni Ibra na vijiji vya jirani kama Mudhayrib. Wote hawa walikutana kwenye mji mmoja wa mitende, mfereji wa falaji na soko la wanawake la Jumatano, kila mmoja na nyimbo zake.

Waliotoka 1964 walitaka sauti mbili tu: Siti na Ikhwani Safaa. Kuhusu kundi la Culture walikuwa na neno, na neno lenyewe halikuwa la muziki. Culture Musical Club kilianza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, katika mazingira ya vijana wa Afro-Shirazi, na baada ya mapinduzi kikawa chini ya serikali. Ikhwani Safaa nacho kililazimika kuliacha jina lake, kikaitwa Malindi kwa miaka. Kwa hiyo unapomwona mzee anasema fidla za Culture zimepwaya, muulize kwanza nyumba yake ya Mji Mkongwe ilichukuliwa mwaka gani. Hatusemi hivyo kwa mzaha. Tumewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwa wimbo wa mapenzi wa Culture, kisha wakainuka kuzima redio.

Waliotoka baadaye waliwashangaa. Kwao Culture ndiyo taarabu yenyewe, ndiyo harusi zao na Idi zao. Na watu wa bara waliwashangaa wote wawili. Wao walikulia kwenye magitaa, Tabora Jazz na rumba la Kongo kupitia redio. Taarabu ya aina yoyote waliiona ndefu, na shairi halijafika nusu wameshalala.

Halafu ikaja East African Melody.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi hili lilifanya kitu ambacho sasa tumekizoea, lakini wakati ule kilikuwa kama mtu kuingia msikitini na viatu. Liliiacha okestra ya watu ishirini na zaidi, likashika kinanda cha umeme, gitaa na besi, likaweka mwendo wa kuchezeka. Maneno yakaacha kujificha. Watu wakaiita rusha roho. Waimbaji waliotoka kwenye vikundi vya zamani, Mwanahawa Ali akiwa mmoja wao, walisikika sasa juu ya kinanda badala ya fidla. Dar es Salaam nako TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis zilikuwa zikirushiana mipasho, na kanda za pande zote mbili zikafika Ibra katika sanduku moja.

Tunaikumbuka harusi moja ya miaka ile. Upande wa wanawake kanda ya Melody iliwekwa, shangazi mmoja wa 1964 akasimama akaitoa. Mke wa mtoto wake, mzaliwa wa Bujumbura, akairudisha. Ikatolewa tena. Mara ya tatu bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa mila hakutakiwa hata kuinua uso, alisema kwa sauti iwekwe, na ikawekwa, na shangazi alikwenda kukaa uani na sinia lake la halua mpaka usiku ukaisha. Walipatana baada ya miezi. Kanda haikutajwa.

Hoja za shangazi tulizijua kwa moyo. Ya kwanza ni kwamba kinanda hakina roho. Hapo alikuwa na ukweli kiasi: maqamu ya Kiarabu yana sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda cha kawaida, na fidla na nai huzifikia kwa urahisi ilhali kinanda huziruka. Lakini shangazi alisahau akodiani. Okestra aliyoililia ilikuwa nayo, na akodiani nayo ina vitufe vilevile na inaziruka sauti zilezile. Hata bongo zilizopigwa pembeni ya dumbak hazikutoka Cairo. Taarabu ya "asili" ilikuwa imeshaokota vitu njiani muda mrefu kabla yake na yetu.

Ya pili ni kwamba maneno yamekuwa matusi. Hapa sisi wenyewe tumegawanyika mpaka leo. Tulipokuwa vijana tuliyafurahia. Tukiyasikiliza sasa, mengi yamechuja. Ukishajua nani anasutwa na kwa nini, hakuna cha kurudia. Daftari la ami wa Nizwa halikuonea. Siti naye alisuta, lakini alimsuta hakimu, na ukiusikia wimbo leo bado unamtafuta huyo hakimu. Mipasho mingi ya miaka ya 1990 ilimsuta jirani.

Pamoja na hayo, ipo haki moja ambayo hatuwezi kuinyima Melody. Watoto wetu waliozaliwa Oman walikuwa wakijibiwa kwa Kiswahili na wao wakijibu kwa Kiarabu. Mashairi ya zamani hayakuwagusa. Huwezi kupenda fumbo katika lugha usiyoijua. Kanda za rusha roho ziliwashika. Wasichana waliziimba jikoni, wakauliza maana, wakaambiwa nyamaza, wakauliza tena kwa mtu mwingine. Tunasikitika kusema kwamba Kiswahili cha kwanza cha baadhi yao kilikuwa cha kusutana, lakini kilikuwa Kiswahili. Jahazi Modern Taarab ilipokuja mwaka 2006 na Mzee Yusuf wake, wasichana hao walikuwa wameshakuwa mama, na sasa wao ndio wanasema Melody ndiyo ilikuwa taarabu, hawa wa leo wanapiga kelele tu.

Jambo lililotuchekesha zaidi ni la sahani za Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mfululizo wa sahani za taarabu ya Unguja, Ikhwani Safaa na Culture wakiwemo, zimerekodiwa vizuri, kila fidla inasikika. Zilikusudiwa Wazungu. Walioziagiza kwa gharama na kuzileta Ibra ni wale wazee wa 1964. Yaani Unguja ya kuuzwa Unguja ilikuwa na kinanda cha umeme, na Unguja waliyoikumbuka wao ilikuwa ikiuzwa kwa Wazungu. Hata Culture waliyoikataa kwenye redio waliisikiliza kwenye sahani, kwa sababu jalada lilikuwa la Kiingereza na hakuna aliyetaja chama.

Hapa ndipo tulipoona kwamba kanda mpya iliwaumiza kwa sababu nyingine pia. Ilikuwa ni barua. Ilisema kwamba Forodhani bado watu wanakula urojo, harusi bado zinafungwa, vijana wapya wamejifunza kuimba, na hakuna kilichosimama kuwasubiri. Mtu aliyeondoka na nguo alizovaa aliichukua Unguja yake nzima akaiweka kwenye sahani moja. Anayeleta sahani ya pili anamwambia kwamba ile ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Na Siti Muharam ameleta sahani ya pili kwa jina lilelile, damu ileile, na baadhi ya nyimbo zilezile, "Kijiti" ikiwemo. Tulitarajia wazee waikatae na vijana waipokee. Haikuwa hivyo. Vijana wengi, watoto wa waliokua na Melody, waliiona ya kizee: haichezeki, ndefu, besi inaguguna kama gari mlimani. Wazee waligawanyika. Mmoja alisema huyu mtoto anaimba kana kwamba ametoka usingizini. Mwingine alisema ndivyo Siti alivyoimba, sema santuri ilikuwa inakwaruza na sisi tukadhani ukwaruzo ndio ukali. Sisi waandishi tunaipenda nusu. Pale udi na sauti vinapoachwa peke yao tunasikia Fumba. Pale studio inapoingiza vionjo vyake tunasikia mtu wa London anayeogopa kwamba Siti peke yake hatatosha.

Bibi mmoja wa Ibra, wa mwisho katika wale wenye swali, tulimwekea sahani hiyo kwenye simu ya mjukuu wake. Akauliza kama kawaida: na huyu naye nani? Tukamwambia ni kitukuu wa Siti binti Saad. "Siti yule wa vyungu?" Tukasema ndiye. Akanyamaza muda mrefu, tukafikiri amesinzia. Ilipofika "Kijiti" akauliza, kama alivyouliza kila mara tulipompigia ile ya zamani, kama yule muuaji alikamatwa hatimaye. Tukamwambia hatukusikia. Akasema turudishe mwanzo, na safari hii simu tuisogeze karibu na sikio lake, maana hiyo besi inammeza mwimbaji.